Miraa Nilikula, Kiapo Sikula

Miaka ile ya tisini nilikuwa mwalimu wa biolojia katika shule ya sekondari ya wasichana mjini Garissa, na nilikuwa nakula miraa. Nayataja mambo hayo mawili kwa pumzi moja kwa sababu watu wa mji wetu walihangaika sana kuyatenganisha. Waliojua la kwanza hawakutaka kuamini la pili, na waliposikia la pili walitaka niliache la kwanza. Ualimu sikuacha, na sitasimulia leo kana kwamba palikuwa na mwanamke mmoja aliyefundisha na mwingine aliyetafuna.

Nilianza chuo kikuu, Nairobi. Tulikuwa watatu chumbani, na mmoja wetu, msichana wa Meru, aliletewa miraa kutoka shambani kwao kama wengine walivyoletewa mahindi. Tulitafuna wiki za mitihani ili tusisinzie. Mitihani ilipokwisha wenzangu wakaacha, bila hata kuona kwamba wameacha kitu. Mimi sikuacha. Kwa nini mimi na si wao, sikujua wakati ule, na leo sijui vizuri zaidi.

Nikarudi nyumbani Garissa, mtaa wa Waberi, kuishi na mama. Baba alikuwa amefariki, na ami zangu walikuwa mbali Lafey na ngamia wao, kwa hiyo mwanamume wa kutusimamia alikuwa kaka mkubwa wa mama. Kwa Kisomali mjomba ni abti, naye humwita mpwa wake abti vilevile, kama mama anavyomwita mwanawe hooyo, jina lile lile mwana analomwitia yeye. Tulipogombana, mgeni asingejua nani anamkemea nani.

Mwanamume akitafuna Garissa, hakuna aliyegeuza shingo. Mwanamke kuuza pia haikuwa aibu, maana wauzaji wote walikuwa wanawake, wamepanga mafungu yao chini ya magunia mabichi ili jua lisiyaue. Lakini mwanamke kula, tena mwalimu, tena asiyeolewa, hilo lilikuwa jambo ambalo watu hulitaja kwa kutema mate pembeni. Basi nikatafuta uongo. Nilimwambia muuzaji wangu, mjane mcheshi mwenye jino la dhahabu, kwamba namnunulia abti. Hakuuliza kitu. Alinifungia fungu langu katika majani ya mgomba, nikalitia chini ya madaftari ya wanafunzi, naye akasema, "Mzee msalimie." Kwa karibu miaka mitatu abti wangu alikuwa mlaji mkubwa wa miraa bila yeye mwenyewe kuwa na habari.

Magari ya miraa yalitoka Meru asubuhi, na kama saa nane mchana yalivuka daraja la Tana yakiwa yanapiga honi tangu mbali. Ilikuwa honi ndefu isiyokatika, dereva ameegemeza mkono. Mji ulikuwa umelala kwa joto. Honi ikilia, milango inafunguliwa, wanaume wanafunga mashuka yao kiunoni na kutoka. Mimi saa hiyo nilikuwa mbele ya ubao, chaki mkononi. Kabla akili yangu haijasema lolote, mate yalikuwa yamekwisha kujaa mdomoni.

Sasa nieleze somo moja, kwa sababu ndilo lililonifanya nisikubali yaliyofuata.

Yule mwenzetu wa tatu wa chumbani alikuwa amekwenda ng'ambo kusomea ubongo, na kila baada ya miezi kadhaa alinitumia bahasha nene ya karatasi za fotokopi. Katika bahasha mojawapo nilisoma habari za glutamati, na nikaamua kuifundisha kidato cha nne ingawa haikuwamo kwenye silabasi. Niliwapanga wasichana mistari miwili wakiangaliana, nikachora kwa chaki mwanya sakafuni katikati yao, nikawapa mstari mmoja maharagwe kutoka jikoni.

"Ninyi ni seli za ubongo," nikawaambia. "Seli ikitaka kuiamsha jirani yake, inamwaga kemikali mwanyani. Inayotumika kuliko zote ni hii glutamati. Bila hiyo hukumbuki hata jina lako. Rusheni."

Wakarusha maharagwe, na waliopigwa wakapiga makofi, kama tulivyokubaliana.

"Lakini ikishaamsha lazima iondolewe upesi. Ikikaa pale, seli inaendelea kuamshwa na kuamshwa, na ikizidi inaweza kufa. Kwa hiyo pembeni kuna seli wasaidizi, na kwenye kuta zake kuna vibebaji. Kazi yao ni kuokota."

Nikaita wasichana wanane wenye vikombe, wawe vibebaji. Mchezo ukaenda vizuri: rusha, piga makofi, okota. Kisha nikawaondoa vibebaji watano, wengine nikawaambia waendelee vile vile. Baada ya muda mfupi maharagwe yalitapakaa, makofi hayakukatika, watatu waliobaki wakakimbizana wakiteleza, darasa zima likacheka hadi mwalimu wa jirani akachungulia dirishani.

Ndipo honi ikalia upande wa daraja.

Sijui nilinyamaza muda gani. Nilipozinduka wasichana walikuwa wameketi, wananitazama. Mmoja wa nyuma, mpole, asiyezoea kuuliza, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, miraa inaweza kuwafukuza hao waokotaji?"

"Sijui," nikasema. "Kuna watu wameanza kushuku kwamba glutamati ina mkono katika namna ubongo unavyokumbuka ulevi na kuutamani. Miraa hawajaichunguza sana. Kwa nini?"

"Baba yangu amesema ataacha. Anasema kila Ijumaa."

Wengine wakacheka. Nikawanyamazisha kwa ukali ambao sikuwa nimewahi kuutumia pale.

"Baba yako hadanganyi anaposema," nikamwambia. "Anaposema ni kweli. Kazi iko saa nane."

Nilikwenda nyumbani siku hiyo kupitia sokoni, nikanunua fungu langu, nikala. Lakini kuna kitu kilikuwa kimetulia ndani yangu. Niliacha kujiita takataka. Mtu anaweza kujua kwamba ana kidonda bila kujiita kidonda.

Uongo wangu ulifichuka kwa mzaha. Abti alikuwa akitoka dukani kwa rafiki yake, na yule mjane akamwita kwa sauti mbele za watu: "Mzee, wewe unaheshimika hivi lakini meno yako ni ya chuma! Mpwa wako kila siku anakuchukulia fungu zima, wala sijawahi kukuona ukitafuna!"

Abti alikuja Waberi moja kwa moja, kofia yake ya msikitini kichwani. Alimkuta mama akimimina chai ya maziwa ya ngamia. Hakunywa. Alinisubiri niingie, nivue viatu, nikae. Kisha akauliza, "Abti, mimi nakula miraa?"

Ningeweza kutunga uongo mwingine. Nilikuwa nao tayari, ulikuwa mzuri hata. Nikachoka nao.

"Hapana, abti. Ninayekula ni mimi."

Mama aliweka birika chini. Alisema "Subhanallah" mara moja tu, kwa sauti ya chini, akajifunika uso kwa shela.

Abti hakupiga kelele. Alisimulia jambo ambalo mji wote ulilijua: kwamba yeye mwenyewe alikuwa mlaji katika ujana wake, akiendesha biashara ya ng'ombe kati ya Bura na Garissa, kwamba siku moja alishika msahafu akaapa, na tangu siku hiyo jani halikugusa ulimi wake. Akanyanyuka, akachukua udhu, akashusha msahafu kutoka rafu ya juu, akauweka kwenye mto mbele yangu.

"Kula kiapo," akasema. "Na mambo yaishe hapa hapa, sisi watatu."

"Sitaapa, abti."

"Hutaki kuacha?"

"Nataka. Nimejaribu mara nyingi kuliko unavyojua. Lakini sitaapa."

"Mtu anayetaka kuacha anaogopea nini kiapo?"

"Namwogopa Mwenyezi Mungu," nikasema. "Leo nikiapa, naapa kwa moyo wote. Kesho saa nane honi italia, na mimi najua nitakuwa nani saa nane. Nitakuwa na miraa mdomoni, na juu yake nitakuwa na kiapo nilichovunja. Hapo ndipo nitakapoacha hata kuswali, kwa aibu."

"Ukivunja kuna kafara. Utafunga siku tatu."

"Kila wiki, abti? Hadi nife?"

Mama alitoa sauti ndogo chini ya shela. Hadi leo sijui kama kilikuwa kilio au kicheko.

Nikajaribu kuwaeleza habari za mwanya na vibebaji. Nilieleza vibaya, kwa haraka, nikichanganya Kisomali na Kiswahili cha darasani. Abti alinikatiza. "Unausingizia ubongo."

"Siusingizii. Ubongo ni wangu na makosa ni yangu. Nasema tu kwamba kazi yenyewe haifanyiki kwa mdomo."

Akaurudisha msahafu mahali pake kwa mikono miwili, polepole, akatoka bila kuaga. Mama hakunisemesha siku nne. Aliniwekea chakula, akaketi upande wa pili wa chumba, akakitazama mpaka nikimalize.

Siku ya tano abti akaja shuleni. Mkuu wetu wa shule alikuwa mama mtu mzima kutoka bara, Mkristo, ambaye alikuwa amekaa Garissa miaka mingi kiasi cha kulala juu ya paa usiku wa joto kama sisi. Nikaitwa. Abti alikuwa ameketi wima, fimbo katikati ya magoti, akisema Kiswahili chake cha sokoni.

"Mwalimu mkubwa, samahani, mimi nakuja kwa sababu ya hii mtoto ya dada yangu. Yeye nakula miraa. Mimi nataka yeye aandike hapa, mbele yako, hatakula tena. Kama hataki, wewe mwambie bole bole aache kazi, akae kwa mama yake."

Mkuu alinigeukia. "Ni kweli unakula?"

"Ni kweli, mwalimu."

"Utaandika?"

"Siwezi kuandika kwamba sitakula tena, kwa sababu sijui. Naweza kuandika nitakachofanya."

"Kama nini?"

Sikuwa nimepanga, lakini maneno yalikuja. Nikamwomba abadilishe ratiba yangu. Nipewe vipindi vyote vya mwisho vya mchana, na baada ya hapo mazoezi ya maabara hadi magari yawe yameshauza na sokoni pamebaki makapi. Nikamwomba nisitumwe mjini mchana kwa jambo lolote la shule. Na mkoba wangu, nikasema, ataushika mhudumu wa maabara mpaka saa kumi na moja, ili nisiwe na senti mfukoni hata nikitoka.

Mkuu aligongesha kalamu mezani. Kisha akamwambia abti, kwa adabu, "Mzee, nina walimu ambao hawali chochote na hawafiki darasani. Huyu anafika." Akanigeukia mimi, na sauti yake haikuwa na huruma hata kidogo. "Nikikuona unayumba mbele ya watoto, siku hiyo hiyo unaondoka. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

Abti alitoka akiwa amekasirika kuliko alivyoingia, na habari zikaenea kama zilivyotaka. Ndugu wawili waliokuwa wakinitafutia mchumba wakaacha kunitafutia. Mwanamke mmoja alimtoa binti yake darasani kwangu. Baada ya majuma mawili binti akarudi mwenyewe. Sokoni watoto walinifuata wakifanya kama wanatafuna. Nilipita nikiwa nimeinua uso. Nilikuwa nimejiinamia miaka mitatu wakati hakuna aliyejua. Sikuona sababu ya kujiinamia sasa.

Ratiba mpya ilisaidia siku nyingine, na siku nyingine haikusaidia. Mara mbili niliomba mkoba wangu mapema kwa uongo wa kichwa kuuma. Sitajipamba.

Kisha zikaja mvua za mwaka wa tisini na saba, zile za El Niño. Kwetu mvua huombewa. Mwaka ule watu waliomba ikome. Tana ilivunja kingo zake ikala mashamba ya kando ya mto, barabara ya kwenda bara ikakatika, mbuzi wakafa wakiwa wamesimama kwenye matope. Unga ukaadimika, mafuta ya taa yakaadimika, na miraa pia. Labda kulikuwa na wakubwa walioletewa kwa ndege. Sisi wengine honi hatukuisikia.

Mji mzima ulilala. Wanaume waliokuwa wakibishana siasa mpaka koo kukauka walilala kwenye mikeka siku mbili, tatu, wakiamka kula na kugombana na wake zao. Nami nililala hivyo hivyo, nikaota ndoto nzito za kutisha, nikalia bila sababu. Wiki ya pili nikaanza kuamka na kuhisi njaa ya kweli. Wiki ya tatu nilikuwa namsaidia mama kutoa maji ndani ya nyumba na tunacheka. Nikanenepa kidogo. Mama akasema, "Hooyo, Mungu amekufungia njia kwa maji," nami kwa mara ya kwanza nikaona labda walikuwa sahihi wote na mimi nilikuwa mbishi tu. Miraa ilikuwa imetoka mwilini. Nilijihisi mzima. Nilikuwa hata nimesahau ladha yake.

Barabara ilipopitika tena, ilikuwa siku ya Jumamosi. Nilikuwa nimeenda dukani kununua sabuni. Honi ikalia.

Sijawahi kuhisi kitu kama kile, hata wakati nilipokuwa nakula kila siku. Miguu ilipata joto. Masikio yalijaa. Wiki zote zile bila jani hazikuwa zimepunguza kitu. Ilikuwa kana kwamba hamu ilikuwa chumba cha pili ikikua kimyakimya. Watu walikuwa wanakimbia kuelekea kwenye magari na mimi nilikuwa kati yao, sabuni mkononi. Mjane mwenye jino la dhahabu aliniona. Hakunitania. Alinipa fungu bila kunitazama.

Nilikula nyumbani, mlango wazi. Nilikuwa nimekata shauri tangu ile siku ya msahafu kwamba sitajificha tena ndani ya nyumba ya mama yangu. Mama aliingia akaniona na majani mapajani. Akaketi chini, mbali kidogo. Nilitarajia siku nne nyingine za kimya.

"Kama ungekuwa umeapa," akasema hatimaye.

"Ningekuwa nimevunja leo."

Alifikiri. Alikuwa mwanamke asiyesoma darasa hata moja, na alifikiri kwa muda mrefu, akikunja na kukunjua ncha ya shela. "Na mvua haikukuponya."

"Haikuniponya, hooyo. Ilinizuia tu nisione gari."

"Basi dawa siyo kukosa," akasema. "Wiki zote hizo mlikosa, na leo mmekimbia kama mbuzi waliosikia chumvi."

Akanyanyuka akaenda kwa kaka yake. Sikumtuma. Sijui walizungumza nini. Najua tu kwamba kesho yake abti alikuja, akaketi, akanywa chai yote safari hii, vikombe viwili.

"Abti," akasema akitazama mlango, "unajua nimeacha miaka mingapi?"

"Nasikia tangu kabla sijazaliwa."

"Tangu siku ile, barabara ile ya magari sijaipita. Nikienda soko la mifugo nazunguka nyuma, kwenye vichaka vya mathenge. Dada yako aliyeolewa upande ule nimemtembelea mara moja tu, asubuhi. Watu wanadhani nina ugomvi na mumewe."

"Kwa nini hukusema?"

"Kwa sababu niliacha kwa kiapo," akasema kwa hasira, kana kwamba mimi ndiye niliyemkosea. "Mimi niliapa na nikaacha. Hiyo njia ni tahadhari tu."

"Abti, hiyo njia ndiyo yenyewe."

"Hiyo njia ni tahadhari! Kesho ukitoka shule nisubiri langoni."

Akawa kweli anakuja. Kila siku ya shule, mzee mrefu mwenye kofia nyeupe na fimbo alisimama nje ya lango la shule ya wasichana, akiangalia pembeni kwa heshima, na tukaondoka pamoja kwa kuzunguka, nyuma ya mji, kati ya mathenge na mizoga ya mbuzi wa mwaka ule. Ilikuwa safari ndefu maradufu ya ile ya kawaida. Njia nzima tulibishana. Yeye alisema nguvu ni nia na jina la Mungu. Mimi nikasema sina ugomvi na vyote viwili, ila ubongo umejifunza barabara na lazima ufundishwe barabara nyingine, kwa miguu, tena na tena. Yeye akasema vibebaji vyangu hakuna aliyeviona. Mimi nikamwambia hata nia yake hakuna aliyeiona. Siku moja alikasirika akatangulia hatua hamsini mbele, kisha akasimama akanisubiri kwa sababu honi ya gari lililochelewa ilikuwa inalia upande wa daraja. Tulisimama pale wote wawili mpaka ikanyamaza. Nilimwona akimeza mate.

Tulitembea hivyo zaidi ya mwaka mmoja. Hakuwahi tena kunitajia msahafu, na hakuwahi kukubali kwamba nilikuwa na haki ya kukataa. Nami sikuwahi kumwomba akubali.

Sikuacha kwa siku moja, kwa hiyo sina tarehe ya kumtajia mtu. Nilianguka tena nilipotumwa Bura kusimamia mitihani, mahali ambapo sikuwa na abti wala njia ya nyuma. Nikala siku mbili, siku ya tatu nikampelekea mkuu wa shule ujumbe kwa redio ya polisi nikimwomba atume mtu mwingine. Ujumbe ulipita masikioni mwa kila askari kati ya Bura na Garissa. Nikauacha upite. Baada ya Bura palikuwa na mara nyingine moja, fupi, na baada ya hiyo hapakuwa na nyingine.

Yule msichana mpole wa nyuma alimaliza kidato cha nne. Babake sijui kama aliacha. Alikuja shuleni siku ya kuchukua cheti, mtu mnyenyekevu mwenye meno ya kahawia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili na kusema binti amemweleza habari za maharagwe. "Mwalimu," akauliza, "ni kweli mimi si mtu mbaya?" Nikamwambia ni kweli, na kwamba kama anataka, saa nane awe mbali na barabara. Akacheka, akatikisa kichwa, akaenda.

Miaka mingi baadaye mwenzangu wa ng'ambo alinitumia karatasi nyingine. Wachunguzi walikuwa wameona, kwa panya waliozoeshwa dawa kali kama kokeni, kwamba katika sehemu fulani ya ubongo vibebaji vya glutamati hupungua, na kwamba vikipungua, ishara ndogo tu, kama sauti au mwanga uliokuwa ukiandamana na dawa, huweza kumrudisha mnyama mbio kwenye kile alichokwisha kukiacha. Kuhusu miraa sikuona jibu nililoweza kulitegemea, na sisemi zaidi ya ninachojua. Nilizisoma nikiwa nimeketi kibarazani Waberi, nikamsomea mama akiwa anachagua mchele. Akasema, "Kwa hiyo hata panya," akaendelea kuchagua. Sikufurahi kama mshindi. Karatasi hizo zilikuja mimi nikiwa nimekwisha kuinua uso wangu siku nyingi, bila ruhusa ya mtu.

Watu wema walinishauri nihame. Walisema niende bara, ambako hakuna anayenijua, nianze upya. Mara mbili barua ya uhamisho iliandaliwa kwa nia njema, mara ya pili kwenda shule nzuri yenye maabara ya kweli na maji ya bomba. Mara zote mbili niliirudisha. Niliomba tu niongezewe debe moja la maharagwe kwa ajili ya kidato cha nne, na mpishi akalalamika, akanipa.